Kumzoesha Mtoto Kutumia Choo, na Tatizo la Kubana Haja

Wazazi wengi wanaofika katika kliniki za watoto huuliza ni umri gani unaofaa mtoto aachishwe nepi. Swali hilo lina majibu mawili yanayoonekana kupingana. Mwaka 1962 daktari wa watoto wa Marekani, T. Berry Brazelton, alipendekeza katika jarida la Pediatrics kwamba mtoto asubiriwe hadi yeye mwenyewe aoneshe dalili za kuwa tayari. Mwaka 1977, katika jarida hilohilo, Marten na Rachel deVries walieleza desturi ya Wadigo wa pwani ya Afrika Mashariki, ambao huanza kumzoesha mtoto katika wiki zake za mwanzo. Mama huketi chini akiwa amenyoosha miguu, humweka mtoto katikati ya miguu hiyo, kisha hutoa sauti ya “shuus”. Mtoto hujifunza kuihusisha sauti hiyo na kukojoa, na anapokaribia miezi sita aghalabu hubaki mkavu.

Majibu yote mawili ni sahihi, kwa kuwa yanazungumzia stadi mbili tofauti. Mtoto wa Kidigo huitikia ishara ya mama aliye naye karibu kutwa nzima, na mama huyo huzisoma ishara za mwanawe. Mtoto wa miaka miwili huhisi haja mwenyewe, huizuia kwa muda, huenda chooni na kuvua nguo. Mama anayeondoka alfajiri kwenda kazini na kurudi jioni hawezi kufuata njia ya kwanza, wala hapaswi kulaumiwa kwa hilo. Kwa familia kama hiyo, kipindi cha kati ya miezi 18 na miaka mitatu ndicho kinachofaa zaidi.

Dalili za kuwa tayari ni rahisi kuzitambua: nepi hukaa kavu kwa saa mbili hivi, mtoto huweza kuchuchumaa na kuinuka bila kushikwa, huelewa maagizo mepesi, na pengine hujificha nyuma ya mlango anapotaka kwenda haja kubwa. Huko kujificha wazazi hukuchukulia kuwa ni utundu, ilhali kunaonesha kwamba mtoto ameshaanza kuhisi haja kabla haijatoka.

Wakati mzuri wa kumketisha kwenye poti ni dakika chache baada ya chakula, kwani tumbo linapopokea chakula, utumbo mpana huanza kusukuma. Dakika tatu hadi tano zinatosha. Nyayo zake zikanyage chini. Akiketi kwenye choo cha kukaa cha watu wazima, awekewe kigoda, kwa maana miguu inayoning’inia huzuia misuli ya nyonga kulegea. Choo cha shimo humtisha mtoto, na hofu yake ina sababu, kwani tundu linalomfaa mtu mzima ni kubwa kwake. Atumie poti hadi atakapokua, na asiachwe peke yake katika choo cha namna hiyo.

Jambo linalohitaji uangalifu mkubwa zaidi ni kubana haja. Mtoto aliyepata choo kigumu kikamuumiza, au aliyechapwa kwa kujichafua, huamua kutokwenda tena. Hukaza matako, husimama kwa ncha za vidole, uso ukaiva, na mama hudhani anasukuma. Kinyesi kinachobaki ndani hunyonywa maji, kikazidi kuwa kigumu, na safari inayofuata huuma zaidi. Hali ikiendelea, sehemu ya mwisho ya utumbo hutanuka na kupoteza hisia, kisha kinyesi cha majimaji hupenya pembeni ya kile kigumu na kuchafua nguo bila mtoto kujua. Hapo ndipo mtoto aliyefunga choo hupewa dawa ya kuzuia kuhara, au fimbo. Mhudumu wa afya anayeelezwa kuhusu “kuharisha” kwa wiki kadhaa kwa mtoto asiye na homa wala dalili za kuishiwa maji na alishike tumbo la chini kabla ya kuandika dawa.

Tiba ni kulainisha choo kwa dawa kama laktulosi kwa kipimo cha daktari, mara nyingi kwa miezi na si siku, pamoja na maji ya kutosha, papai, mboga za majani na maharage. Maziwa mengi kupita kiasi humshibisha mtoto akakosa vyakula hivyo. Kipande cha sabuni kisiingizwe kamwe katika njia ya haja kubwa. Huunguza utando wake. Mtoto aliyechelewa kupata choo cha kwanza zaidi ya saa 48 baada ya kuzaliwa, aliyevimba tumbo, asiyeongezeka uzito au mwenye udhaifu wa miguu apelekwe hospitali.

Kinyesi cha mtoto hakina usalama kuliko cha mtu mzima, ingawa wengi huamini hivyo na kukitupa uani. Mayai ya minyoo huhitaji wiki chache tu udongoni ili yaweze kuambukiza. Kinyesi cha poti kimwagwe chooni, kisha mzazi na mtoto wanawe pamoja kwa sabuni na maji tiririka, hata ya kibuyu chirizi. Msichana asafishwe kutoka mbele kwenda nyuma ili vijidudu visifike kwenye njia ya mkojo.

Ukavu wa usiku huja baadaye, nao hautegemei mafunzo. Kukojoa kitandani hakuhesabiwi kuwa tatizo la kitabibu kabla ya miaka mitano, na katika umri huo takriban watoto 15 kati ya 100 bado hukojoa. Lakini mtoto aliyekaa mkavu kwa miezi sita au zaidi, kisha akaanza tena kulowanisha kitanda, hasa akiwa na kiu nyingi na kupungua uzito, apimwe mkojo na sukari ya damu siku hiyohiyo, kwa sababu huenda kisukari ndicho kinachoanza.