Mwenye Maradhi ya Akili na Haki Yake ya Kazi

Ndugu zetu, katika miji yetu mna nyumba nyingi zenye mtu aliyepatwa na maradhi ya akili. Ametibiwa, ametulia, kisha huketishwa ndani mwaka baada ya mwaka, na jamaa zake husema: "Na apone kabisa kwanza, ndipo atafute kazi." Katika darasa hili twataka kuyapima maneno hayo.

Hayakusemwa na sisi peke yetu. Ulaya na Marekani nako, wagonjwa walikuwa wakitiwa kwanza katika karakana zao za peke yao, wafunzwe mpaka waonekane kuwa tayari. Wengi siku hiyo haikuwafikia.

Katika miaka ya 1990, huko New Hampshire, Marekani, Robert Drake na Deborah Becker waliugeuza mpango huo: kazi kwanza, na mafunzo yawe humo humo kazini. Kila mgonjwa atakaye kazi hupokewa. Huulizwa aipendayo, nayo huanza kutafutwa upesi. Tena ni kazi ya kweli, yenye ujira kama wa wengine. Msaidizi wake hushauriana na matabibu, husema na tajiri mgonjwa akiridhia, wala hamwachi akishaajiriwa.

Je, njia hii imefaa? Mwaka 2007 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa mahali sita Ulaya, London ikiwa mojawapo, juu ya wagonjwa 312 wenye maradhi makali. Katika miezi 18, waliosaidiwa hivi, 55 katika kila 100 walifanya kazi japo siku moja. Wa njia ya kale, 28 tu. Na wale wanaodhani kuwa kazi humrudishia mtu maradhi na watazame hili: waliorudi kulazwa hospitali walikuwa 20 katika 100 kwa njia mpya, na 31 kwa ile ya kale.

Basi yatupasa nini? Mwenye duka na ampe saa chache, kwa ujira wa haki. Ndugu yake na amsindikize asubuhi, na amkumbushe dawa zake. Akizidiwa na apumzike, na arudipo aikute nafasi yake. Na kabla ya yote hayo, tumwulize yeye mwenyewe ataka kazi gani. Kwani mara ngapi tumeshauriana juu yake, naye yuko mbele yetu, tusimwulize neno?