Mashine Zinazozaa Mashine

Nikiwa mazoezi ya kufundisha, mwanafunzi wa kidato cha pili aliniuliza: "Madam, kwa nini sisi hatutengenezi simu?" Nikajibu hatuna teknolojia. Jibu la kivivu, likanisumbua mpaka narudi nyumbani Rau.

Kumbe kabla ya simu kuna chipu, na kabla ya chipu kuna mashine ya kuichora kwa mwanga. Zile za hali ya juu kabisa zinatengenezwa na kampuni moja tu, ASML ya Uholanzi. Ilianzishwa 1984 na Philips pamoja na ASM International, ikaanzia kwenye vibanda vya mbao pale Eindhoven. Iliyoibeba ni subira ya wenye pesa: mwaka 2012 wateja wake wenyewe, Intel, TSMC na Samsung, walinunua hisa na kuchangia utafiti wa mashine ambayo hata haijaiva.

Sasa, miaka hiyohiyo ya 80 sisi tulikuwa na KMTC kule Hai, gari mbili tu kutoka Rau. Kiwanda cha Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC), kilichojengwa kwa msaada wa Bulgaria. Kazi yake ilikuwa mashine za kukerezea chuma na za mbao, yaani mashine ambazo karakana nyingine zingetengenezea vipuri vyao. Viwanda vya umma vilipoyumba miaka ya 90, wateja wakaisha (hapo ndipo naona tofauti kubwa na Waholanzi, siyo akili). Uzalishaji ukasimama, baadaye NDC ikaanza kukifufua.

Nikirudi pale shuleni nitaanza na swali langu: nani alitakiwa kununua mashine za Hai?