Saumu, Karafuu na Kiporo cha Pilau

Viungo vyetu vinapambana na bakteria wa chakula, hilo halina ubishi. Kazi ni kujua vinaishia wapi.

1. Ponda saumu, kisha iache. Punje nzima haina alisini, kemikali inayowakera bakteria. Huzaliwa mchi unapoipasua punje, ndiyo ile harufu inayopanda kutoka kwenye kinu. Ukiitupa nzima kwenye mafuta ya moto, kimeng'enya kinachoiunda kinaharibika mapema. Ponda, subiri kama dakika 10, ndipo ukaange.

2. Karafuu ni kali kweli. Sehemu kubwa ya mafuta yake ni yujenoli, inayotia ganzi ulimi ukiitafuna. Huharibu utando wa bakteria hadi wanavuja. Mafuta ya karafuu ya chupa usiyamimine chakulani. Karafuu kavu inatosha.

3. Maabara si sufuria. Watafiti huweka dondoo la mmea kwenye sahani iliyooteshwa bakteria, kisha hupima duara ambalo hawakuota. Matokeo ni ya kweli, ila kwenye mchuzi wa nazi mafuta na protini hupunguza nguvu hiyo. Tena Salmonella na E. coli wana utando wa nje wa ziada, kwa hiyo mara nyingi ni wabishi kuliko Staphylococcus aureus.

4. Kiporo cha pilau kisilale nje. Hapa ndipo wengi wetu tunajiamini kupita kiasi, eti kina mdalasini, iliki na karafuu. Lakini bakteria aitwaye Bacillus cereus ana mbegu zinazostahimili kuchemshwa. Wali ukibaki vuguvugu sufuriani usiku kucha, mbegu huchipua, bakteria huzaana na kutoa sumu ya kutapisha, na sumu hiyo haiondoki hata ukipasha moto asubuhi. Utandaze kwenye sinia upoe upesi, uingie kwenye friji ndani ya saa 2. Huna friji? Pika kinachoisha.

5. Saumu mbichi ndani ya mafuta isikae kabatini. Mafuta huzuia hewa, na bakteria aitwaye Clostridium botulinum hustawi pasipo hewa. Mwaka 1985, Vancouver nchini Kanada, walaji wa mgahawa mmoja waliugua vibaya kwa saumu ya namna hiyo. Iweke kwenye friji, uimalize ndani ya siku chache.

6. Pilipili manga ya unga nayo huweza kubeba Salmonella. Itie chakula kikiwa bado kinachemka, si baada ya kuipua.