Wodini Peleka Ndoo, Usipeleke Sherehe

Makundi mengi ya kujitolea yanayotaka kufanya kazi za mikono na watoto waliolazwa huanza kwa kupanga tarehe: Jumamosi kabla ya Krismasi, wiki ya Idi, siku ya kuzaliwa ya kiongozi wao. Tarehe ikishapatikana hufuata fulana, keki, maputo na mpiga picha. Ushauri wangu ni kuiweka tarehe pembeni na kuuliza kwanza swali jingine: mtoto huyu atakaa hapa muda gani? Wodi ya watoto si mahali pa kupita tu. Matibabu ya saratani ya damu inayowapata watoto wengi, leukemia, huchukua miaka 2 hadi 3, kwa kulazwa na kurudi, kulazwa na kurudi. Aliyevunjika paja anaweza kulala chali wiki kadhaa, mguu ukivutwa kwa uzito. Aliyeungua husubiri ngozi ipone polepole kati ya kusafishwa kidonda na kusafishwa tena. Kwa watoto hao saa mbili za wageni ni kidogo mno. Kinachowaelemea ni mchana wa Jumanne ambao dripu inashuka na hakuna kingine kinachotokea. Ndiyo maana nasema mradi mzuri ni ule unaobaki wodini wageni wakishaondoka, na kipimo chake ni kile ambacho mtoto ameweza kutengeneza na kuamua mwenyewe.

Wanaodhani haya ni mapambo tu juu ya tiba wausome mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu watoto wenye utapiamlo mkali. Una hatua 10, na ya 9, iliyo kwenye orodha moja na hatua za sukari, joto la mwili na chakula, ni kumchangamsha mtoto kwa hisia na upendo. Mwongozo huo unataja kabisa michezo iliyopangwa ya dakika 15 hadi 30 kila siku, kisha unaonyesha namna ya kutengeneza vitu vya kuchezea kwa vizibo, chupa za plastiki, vipande vya nguo na makopo. Neno la kushika hapo ni "kila siku". Dozi ya kila siku haiwezi kutolewa na kundi linalokuja mara moja kwa mwaka, hata likija na basi zima. Inatolewa na mtu aliyepo, na kwetu mtu huyo anajulikana: mama, bibi au shangazi anayemuuguza mtoto na kulala naye. Huko Uingereza ilihitajika filamu ya James Robertson ya mwaka 1952, iliyomwonyesha mtoto wa miaka miwili akinyong'onyea hospitalini bila mama yake, kisha ripoti ya serikali ya mwaka 1959, ndipo hospitali zianze kushawishika kuwafungulia wazazi milango. Hapa kwetu mama yupo tayari, ingawa mara nyingi ni kwa sababu wauguzi ni wachache. Kupanga kazi za mikono bila kumhesabu yeye ni kuacha nje mtu mwenye muda, mwenye mkono mzuri na, mara nyingi, mwenye ufundi kuliko wageni wote. Mama anayejua kufuma kitambaa au kusuka kikapu ndiye mwalimu wa wodi. Kundi lako ni la kuleta vifaa.

Basi anza na barua kwa uongozi wa hospitali, halafu zungumza na ofisa ustawi wa jamii na muuguzi mkuu wa wodi. Usiende na orodha ya mlivyonavyo, nenda na maswali: watoto wana umri gani, nani hawaruhusiwi kuchangamana, saa gani madaktari hupita, saa gani ni za dawa na vidonda, vitu vitahifadhiwa wapi. Majibu ya muuguzi yatakuokolea fedha nyingi. Mfano ni maputo. Karibu kila kundi hununua maputo, na mengi yametengenezwa kwa utomvu wa mpira. Watoto wenye mgongo wazi huwa katika hatari kubwa ya mzio wa mpira huo kuliko watoto wengine, na kipande cha puto lililopasuka kinaweza kuziba koo la mtoto yeyote. Mfano wa pili ni udongo wa kufinyanga, majani makavu na maua mabichi, vitu vizuri sana shuleni. Mtoto anayepewa dawa za saratani kinga yake hushuka, na vitu hivyo hubeba fangasi ambao mwili wake hauwezi kupambana nao. Wanasesere wa manyoya waliotumika nao waache nyumbani. Ukitaka kuleta mwanasesere wa kitambaa, awe mpya na awe wa mtoto mmoja, asizungushwe kitanda hadi kitanda.

Hapo ndipo ndoo inapoingia. Ndoo ya plastiki yenye mfuniko husafishwa kwa maji ya klorini, boksi la karatasi halisafishiki. Ndani weka penseli za rangi, krayoni, karatasi za manila zilizokwisha kukatwa, makasi yenye ncha butu, gundi ya maji, uzi mnene, vipande vya kitenge vilivyofuliwa na kupigwa pasi (mafundi cherehani huvitupa kwa viroba), na mikanda ya plastiki ya kusukia vikapu. Mikanda hiyo naipenda kuliko ukindu kwa sababu moja tu: inaoshwa. Shanga ziwe kubwa, na zikae kwenye mfuko wao peke yake. Kitu chochote kinachopenya kwenye bomba la kadibodi la katikati ya karatasi ya chooni asipewe mtoto wa chini ya miaka 3. Makasi yahesabiwe kila jioni. Kwa wodi zenye watoto wa kutengwa, andaa mifuko midogo ya mtoto mmoja mmoja, isiyorudi kwenye ndoo.

Kazi yenyewe ichaguliwe kwa kuangalia mwili wa mtoto, na hapa wapangaji wengi hukosea kwa sababu wanajaribia vitu wakiwa wamekaa mezani. Jaribu kuifanya ukiwa umelala chali, mkono mmoja umeufunga kitambaa. Kanula ikiwa mkononi, kukata kwa makasi ni shida, lakini kubandika vipande vya kitenge kwenye manila kunawezekana. Ubao mgumu wenye kibanio huishika karatasi badala ya mkono wa pili. Kusuka mikanda mipana kunamfaa aliyelala. Tena kazi iwe ya kuachika katikati, maana daktari akifika hakuna wa kumwambia asubiri gundi ikauke. Na usilete kielelezo kilichokwisha kutengenezwa kwa ustadi ili watoto wakiige. Mtoto huyu haulizwi kama anataka sindano wala saa ya kuamshwa. Angalau rangi ya samaki wake aichague yeye. Akimpaka samaki zambarau na kumpa miguu, ni sawa.

Nasikia pingamizi, na la kwanza lina uzito: hospitali inakosa dawa, nyinyi mnaleta krayoni? Ningekubali iwapo fedha ya krayoni ingetolewa kwenye fungu la dawa. Lakini ndoo moja ni gharama ndogo, na tafiti nyingi zimeonyesha kwamba mtoto anayevutwa fikra wakati wa kuchomwa sindano husikia maumivu kidogo. Hilo ni jambo la tiba. Pingamizi la pili hutoka kwa wauguzi: tuko wachache, nani atasimamia? Jibu ni lile lile la mama, pamoja na sharti kwamba muuguzi asiongezewe kazi yoyote zaidi ya kusema hapana pale inapobidi. La tatu ni la wafadhili, wanaotaka picha. Wapigieni picha vikapu na michoro kwa idhini ya hospitali, ya mzazi na ya mtoto mwenyewe, bila sura wala jina. Mfadhili asiyeridhika na kikapu alikuwa anataka kitu kingine. Wapo pia wanaosema sherehe huleta furaha. Huileta, sikatai, ifanyeni, lakini baada ya ndoo kuwepo.

Kinachobaki ni kurudi kila mwezi kujaza, watu wawili wanatosha. Usihesabu watoto waliohudhuria. Fungua mfuniko uone. Krayoni zikiwa zimekwisha na uzi haujaguswa, ongeza krayoni, uzi uupeleke wodi nyingine. Muulize muuguzi kama kuna kilicholeta usumbufu. Muulize pia ni mama gani anayeishika ndoo sasa, kwa sababu yule wa mwezi uliopita huenda mtoto wake ameruhusiwa, na lazima mwenzake aelekezwe habari ya makasi kabla hamjaondoka.