KIJANA, UNAKWENDA CHUO GANI?



Matokeo yametoka. Nyumbani wanakuuliza, "Sasa unakwenda wapi?" Mjomba anasema ualimu, mama anasema uuguzi, rafiki zako wanasema twende wote Dar. Labda wewe si mtu wa kanisani, na karatasi hii umepewa tu hapa uwanjani. Usiitupe! Mungu ana neno juu ya jambo hili.

1. USIFUATE MKUMBO

Wengi huchagua chuo kwa sababu ya jina, au mji, au kwa kuwa fulani yuko huko. Je, fulani akihama, utabaki na nini? Lutu alichagua kwa macho. Aliona bonde lina maji tele, akaenda, bila kuuliza majirani ni watu gani. Alitoka Sodoma akikimbia, ameacha kila kitu (Mwanzo 13 na 19).

2. USIDHARAU KAZI YA MIKONO

Wapo wanaosema VETA ni ya walioshindwa. Huo ni uongo! Yesu mwenyewe aliitwa seremala (Marko 6:3). Paulo alishona mahema (Matendo 18:3). Kabla ya kutazama mbali, tazama mlangoni kwako. Mikumi kuna chuo cha VETA. Kilosa kuna chuo cha afya. Ilonga kuna chuo cha kilimo na chuo cha ualimu. Morogoro mjini kuna Chuo Kikuu cha Sokoine, tangu 1984. Jiulize: mikono yangu inaweza nini, na nani atasaidika nayo?

3. HESABU GHARAMA

Yesu alisema juu ya mtu aliyeanza kujenga mnara akashindwa kumaliza, watu wakamcheka (Luka 14:28-30). Mama akiuza magunia ya mahindi, hiyo hela ni jasho. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, hakikisha chuo kimesajiliwa: vyuo vya cheti na stashahada huko NACTVET, vyuo vikuu huko TCU. Anayetaka umtumie hela kwenye simu ili "akutafutie nafasi", mkimbie! Uliza ada, chumba, chakula, vifaa vya mazoezi. Bodi ya Mikopo hukopesha wa shahada, na tangu 2023 baadhi ya wa stashahada pia. Lakini kumbuka, mkopo hulipwa.

4. CHUO HAKITAKUOKOA

Mwingine husema, "Nikienda chuo cha dini nitakuwa salama." Ndugu yangu, unaweza kulala kwenye chuo chenye msalaba getini na bado ukapotea. Danieli alisoma miaka 3 Babeli, kwa mfalme asiyemjua Mungu. Hata jina walimbadilisha. Lakini alikuwa ameshaamua moyoni mwake kabla ya kukaa mezani (Danieli 1:8).

Wewe umeamua nini? Usiku wa kwanza hosteli hakuna wa kukuuliza umerudi saa ngapi. Ada iko kwenye simu, na jamaa anakuonyesha mkeka wa kubeti. Dada, atatokea mtu mwenye gari, atasema atakulipia chumba. Siku hiyo ni kuchelewa kuanza kufikiri. Amua leo! Na ukifika, wiki ya kwanza tafuta wenzako wanaoomba: UKWATA, CASFETA, TAFES. Peke yako utachoka.

UAMUZI WAKO

Chuo ni miaka miwili, mitatu, kisha kinakwisha. Roho yako haiishi. Yesu hakuulizi una divisheni gani. Anakuita jinsi ulivyo, mwenye cheti na asiye nacho. Kama moyo wako unakubali, sema naye hivi sasa, hapo ulipo:

"Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Nisamehe. Ingia moyoni mwangu, uwe Bwana wa masomo yangu na maisha yangu yote. Nionyeshe njia. Amina."

Umeomba? Mwambie mhudumu aliyekupa karatasi hii. Halafu nenda nyumbani, kaa na wazazi, mjaze ile fomu.