Jogoo wa Upanga Mkubwa, Watoto wa Upanga Mdogo

Mwaka jana nilinunua jogoo mweusi wa Minorca mwenye upanga mkubwa ajabu. Nikamweka na mitetea wangu wa Brahma, nikitarajia watoto wenye mwili wa mama na upanga wa baba. Sasa wana miezi mitano na hakuna hata mmoja mwenye upanga wa maana. Jirani anasema nilitapeliwa, jogoo si Minorca. Mwingine ananiambia kuna sindano ya kukuza upanga. Tena siku hizi jogoo mwenyewe ana vidoa vyeusi vilivyoganda kwenye upanga na kando ya macho. Namsugua kwa mafuta ya taa lakini haviishi. Nia yangu ni kumpeleka yeye au mwanawe maonyeshoni. Nifanyeje?
Mama Kuku, Kitengela

Mama, kwanza weka kando hayo mafuta ya taa; mengine yote yanaweza kungoja. Upanga ni ngozi laini iliyojaa damu, na mafuta ya taa huichoma. Yakiingia jichoni utapata jogoo chongo, na jogoo chongo hapelekwi maonyeshoni.

Kwa jinsi ulivyovieleza, vidoa hivyo ni viroboto wale wanaoganda. Mtoe jogoo juani, umtazame kwa karibu, utaona vina miguu. Ukikuta ni vigaga au vinundu visivyo na miguu, hiyo ni ndui ya kuku, inayosambazwa na mbu, na hapo umwite daktari wa mifugo. Lakini kama ni viroboto, elewa wanavyoishi. Jike huzamisha mdomo kwenye ngozi na kubaki hapo hapo kwa siku nyingi akinyonya damu, huku mayai yake yakidondoka chini. Watoto wake hukulia kwenye vumbi na takataka za banda, kisha hupanda kwa kuku, kwa mbwa, kwa paka, hata kwa panya. Kwa hiyo ukimtibu jogoo peke yake unafanya kazi bure. Mpake mafuta mazito ya kujipaka, yale ya mgando, juu ya viroboto wenyewe ili wakose hewa. Baadaye uwatoe kwa kibano, taratibu, bila kuchana ngozi. Siku hiyo hiyo ondoa matandiko yote ya banda uyachome, fagia kila pembe, nyunyiza dawa ya viroboto utakayopewa kwenye duka la agroveti kwa kipimo kilichoandikwa, na utibu mbwa wa boma pia kwa dawa yake. Rudia usafi huo baada ya wiki mbili, kwa sababu mayai yaliyobaki yatakuwa yameanguliwa. Vifaranga ndio wa kuwahurumia zaidi: viroboto hawa wanaweza kuwanyonya damu hadi kufa.

Sasa tuje kwa watoto wa upanga mdogo. Hukutapeliwa, Mama. Kinyume chake, kama kweli hakuna hata mmoja kati yao aliyetoka na upanga wa baba, hiyo ni dalili nzuri kwamba Brahma wako ni safi.

Minorca ana upanga mmoja uliosimama, wenye meno. Brahma ana upanga mfupi uliolala karibu na fuvu, wenye mistari mitatu ya vinundu. Upanga huo wa Brahma huushinda ule wa Minorca kila wanapokutana. Mtoto akirithi jeni ya upanga mfupi kutoka kwa mzazi mmoja tu, inatosha. Upanga wake utapungua, na ndevu zake chini ya kidevu zitapungua pia. Mwingereza William Bateson aliyaonyesha mambo ya urithi wa namna hii mwaka 1902 kwa kutumia kuku wenye panga tofauti, na kuku wakawa kati ya wanyama wa kwanza kuthibitisha kanuni za urithi ambazo mwanasayansi Mendel alizipata kwa njegere. Hata wafugaji wa kuku aina ya Kuchi kule Lamu na Tanzania wanalijua hili kwa macho: Kuchi ana upanga mdogo uliobanana na kichwa, na ukimchanganya na kienyeji wa upanga mrefu, upanga wa watoto huvutwa upande wa Kuchi.

Kwa hiyo ulichokitaka, mwili wa Brahma wenye upanga wa Minorca, hakipatikani katika kizazi cha kwanza. Ungeweza kuwarudisha mitetea hao chotara kwa jogoo wa Minorca, na karibu nusu ya watoto wangetoka na upanga uliosimama. Lakini usiwarudishe kwa baba yao huyo huyo, na usitegemee kupata kuku wa maonyesho kwa njia hiyo. Mwamuzi anayejua kazi yake anamtazama kuku mzima: rangi, mkao, miguu, ndewe za masikio. Minorca ana ndewe nyeupe pana na miguu isiyo na manyoya. Chotara wako watakuwa na manyoya miguuni kama mama zao. Huyo ni kuku mzuri wa nyumbani, na si Minorca.

Ushauri wangu ni kwamba umtafutie jogoo wako mitetea wa Minorca kutoka nyumba nyingine kabisa, si mahali ulipomnunua. Kuku wa mapambo karibu na Nairobi huzunguka mikononi mwa wafugaji wachache, na mara nyingi unayeuziwa kama mgeni ni dada wa jogoo wako. Uliza wazazi walikotoka, uwaone kwa macho yako. Ukikosa Minorca, Leghorn mwenye upanga mmoja atakulindia upanga na ndewe nyeupe, ila ujue weupe wa Leghorn hushinda weusi, kwa hiyo watoto wengi watatoka weupe wenye madoa.

Na hapa ndipo wafugaji wengi wanapokosea: wanamchagua jogoo kwa makini halafu mtetea wanamchukua yeyote. Nusu ya upanga wa pora hutoka kwa mama yake. Mtetea wa Minorca akiwa anataga, upanga wake hulala upande mmoja, na hilo si kasoro mradi usimfunike jicho. Ila jogoo lazima upanga wake usimame wima. Wafugaji wa maonyesho wa Uingereza waliona zamani kwamba ni vigumu kupata vyote viwili katika banda moja, wakawa na makundi mawili: la kuzaa majogoo, ambamo walitumia mitetea wenye upanga mgumu unaoelekea kusimama, na la kuzaa mitetea. Wewe unataka jogoo, basi chagua mitetea wa kundi la kwanza. Usizalishe kuku yeyote mwenye kitawi kinachochomoza ubavuni mwa upanga, au mwenye upanga uliopinda mbele kama uliobonyezwa kwa kidole gumba. Kasoro hizo hurithiwa.

Minorca na Leghorn hawaatamii vizuri, kwa hiyo mayai yawekee kuku wa kienyeji au mashine ya kutotoa. Yasikae zaidi ya wiki moja kabla ya kuatamiwa, na siku ya 21 utawaona vifaranga. Kwa kuwa maonyesho makubwa ya Jamhuri, Nairobi, kwa kawaida hufanyika mwishoni mwa Septemba au Oktoba mwanzoni, totoa Novemba au Desemba. Mapora watakua katika joto la Januari na Februari, na joto hukuza upanga: kuku hatoi jasho, hupoza damu yake kupitia upanga na ndevu. Ndiyo maana jogoo wa upanga mkubwa anaifaa tambarare ya Athi kuliko Limuru. Anachohitaji ni kivuli, maji baridi wakati wote, na chombo cha maji chenye mdomo mwembamba ili ndevu zisilowe na kuchafuka. Usiogope baridi ya Julai. Haifiki kiwango cha kuua ncha za upanga kama ilivyo Ulaya. Mtenge kila pora anapoanza kupigana, kwa sababu kovu moja la mdomo linaharibu kazi ya mwaka mzima. Chanjo za kideri zisikosekane, na ile ya ndui ipigwe kabla mvua za Machi hazijaleta mbu.

Kuhusu sindano, kataa. Upanga hukuzwa na homoni za kiume za jogoo mwenyewe. Mjerumani Arnold Berthold alionyesha dalili ya hilo mwaka 1849: majogoo aliowahasi upanga wao haukukua vizuri, na wale aliowapandikizia korodani tumboni wakawa na upanga wa kawaida. Anayekudunga homoni kutoka nje anavuruga mwili ambao tayari unajua kazi yake, na jogoo wa namna hiyo anaweza kupoteza uwezo wa kuzalisha. Tena hawezi kuwapa watoto wake kitu ambacho hakikuwa katika damu yake. Upanga ukififia rangi, tafuta minyoo, utitiri au kuhara damu. Ukigeuka kuwa wa bluu au zambarau, mtenge mara moja na upige simu ofisi ya mifugo ya kaunti. Mtetea ukimwona upanga umesinyaa wakati anabadilisha manyoya, mwache. Utarudi atakapoanza kutaga.

Ukitoka maonyeshoni, mfungie jogoo wako peke yake wiki mbili au tatu kabla hajarudi kwa wenzake.

Nina ombi moja kwako. Hao chotara wa miezi mitano uwauze kama kuku wa nyama na mayai, na umwambie mnunuzi wazi ni mchanganyiko wa Minorca na Brahma. Usimuuzie mtu yeyote wa Kajiado kama mbegu ya maonyesho, hata akikupa bei nzuri.