Kufuga Njiwa kwa Jozi

Mmekwisha kujifunza habari za kufuga kuku. Jogoo mmoja aweza kukaa na mitetea kumi, na kila mtetea akalea vifaranga wake peke yake. Njiwa hawafugwi hivyo. Dume na jike hushirikiana katika kujenga kiota, kuatamia mayai na kulisha makinda. Kwa sababu hiyo mfugaji wa njiwa hahesabu ndege mmoja mmoja, bali huhesabu jozi.

Kutambua jozi

Kwa umbo, njiwa dume na njiwa jike hufanana sana. Watazame asubuhi. Dume huvimbisha shingo, huzunguka huku akilia kwa sauti nzito, na huburuta mkia chini. Jike akimkubali, hutia mdomo wake ndani ya mdomo wa dume, naye dume humlisha kama alishavyo kinda. Wakisha kuchaguana, kwa kawaida hukaa pamoja muda wote walio hai.

Yapasa idadi ya madume iwe sawa na idadi ya majike. Dume asiye na mwenzi huingia katika viota vya wengine na kupigana, na mayai huvunjika. Ukiona maganda chini ya kibanda, usikimbilie kumlaumu panya. Kwanza hesabu madume yako.

Mayai na makinda

Jike hutaga mayai mawili. Yai la pili hutagwa siku mbili hivi baada ya la kwanza. Mayai huatamiwa kwa siku 17 au 18. Jike huatamia usiku kucha. Jua likisha kupanda, dume huja kumpokea, akaatamia mpaka alasiri.

Kinda aliyeanguliwa sasa hivi amefumba macho, na mwili wake una manyoya machache laini ya manjano. Hawezi kula mtama. Je, hula nini? Ndege huhifadhi chakula kwanza katika gole, yaani kifuko kilichopo kooni. Ndani ya gole, wazazi wote wawili hutengeneza uji mzito wenye protini na mafuta mengi. Uji huo huitwa maziwa ya njiwa, ingawa njiwa hanyonyeshi. Ni ndege wachache sana wawezao kufanya hivyo; heroe wa Ziwa Natron ni mmoja wao. Katika siku za kwanza kinda hali kitu kingine. Baadaye wazazi huanza kuchanganya nafaka katika uji huo.

Sasa fikiri: paka amemkamata jike, na makinda wana umri wa siku tatu. Dume hawezi kutafuta chakula na papo hapo kuwafunika makinda wasipate baridi. Wakiachwa hivyo, huenda wakafa. Mfugaji mwangalifu huwahamishia katika kiota cha jozi nyingine yenye kinda mmoja wa umri ule ule, nao huwalea. Makinda waliopita siku kumi wana nafuu, kwani mzazi mmoja aweza kuwakuza. Vivyo hivyo, usiuze wala usichinje njiwa mwenye makinda wachanga.

Kila jozi ipewe viota viwili. Makinda huondoka kiotani wakiwa na umri wa majuma manne au zaidi kidogo, lakini mara nyingi mama yao hutaga tena kabla ya hapo. Pasipokuwa na kiota cha pili, hutaga katikati ya makinda, na mayai huchafuka au kupasuka.

Kibanda kiwekwe juu ya nguzo iliyozungushiwa bati, ili panya na nyoka wasipande. Makinda wakisha kuondoka, choma nyasi za kiota, kwa maana utitiri hujificha humo. Unapofagia kinyesi, funika pua na mdomo kwa kitambaa, kisha nawa mikono kwa sabuni. Vumbi la kinyesi hudhuru mapafu.

Kazi ya kufanya

Tafuta jozi moja inayoatamia karibu na kwenu. Kwa siku tano, andika ni saa ngapi dume na jike hupokezana. Tazama kutoka mbali.

Maswali

1. Kibanda kina madume 7 na majike 5. Ni matata gani yatatokea? Ungefanya nini?
2. Kwa nini kinda wa kuku aweza kulelewa na mama peke yake, lakini kinda wa njiwa ni vigumu?
3. Yai la pili lilitagwa tarehe 4 Machi. Makinda watarajiwe lini?